Kiti cha Dereva Hakina Nailoni

Kisangani, Mangobo, 11 Februari 2024

Yaya Célestin,

Yannick, mbeba barua wetu, ameniambia anapanda pikipiki kesho asubuhi kuja kwenu, basi nimekaa na kalamu kabla wali haujaiva. Hapa tu wazima. Mama yuko bado Yanonge, mguu umepungua uvimbe lakini ulimi haujapungua: kila anayefika kutoka mjini anaulizwa kwa nini mwanawe wa kwanza amejificha msituni Bafwasende kama mtu mwenye deni. Bonheur wangu amekuwa wa pili darasani. Amelia kwa sababu hakuwa wa kwanza. Wifi Solange na watoto tunawasalimu sana. Mnara wenu wa simu tangu Noeli haujafufuka? Nikipiga, ni yule mwanamke wa Kifaransa tu anayenijibu.

Sasa neno lenyewe. Mradi ambao mume wangu Israël alikuwa dereva wake umefungwa. Miaka kumi na moja, wamempa fedha zake za mwisho na karatasi ya kumshukuru. Tumekubaliana fedha hizo zisiliwe. Tunataka kununua gari, mume wangu aendeshe abiria wa uwanja wa ndege wa Bangboka na watu wanaokodi gari.

Tumeona wauzaji wawili. Wa kwanza ni duka kubwa la Makiso, lenye vioo na sakafu inayoteleza. Msichana anayeitwa Déborah alituonyesha kila kitu kwa upole, karatasi za douane, za ushuru wa mpakani, garantii, lakini bei yake ilimfanya Israël akohoe. Nikamwambia, "Dada, punguza." Akajibu, "Mama, mimi siko na ruhusa ya kupunguza. Hata patron akitaka, lazima aandike." Wa pili anaitwa Papa Zacharie. Ana uwanja wenye ukuta mrefu, si mbali na huku kwetu. Ana jeep nyeupe mpya, imekuja kwa barabara kutoka mashariki, donc imepita mbele ya garaji yako. Anataka karibu nusu ya bei ya Makiso.

Wewe, kaka mkubwa, ndiwe fundi wa magari wa familia. Tuangalie nini? Tumwamini yupi?

Leki yako, mdogo wako, Élise


Bafwasende, 28 Februari 2024

Leki yangu Élise,

Barua yako ilikaa kwa Yannick siku tisa. Pikipiki ilizama matopeni akalala kwa wachimba dhahabu. Tuko hai. Solange anakohoa kidogo. Mvua imeikata barabara kabla ya mto, malori kumi na manne yamesimama, wenye malori wanakula mboga ya pondu ya watu kwa ahadi. Mwambie mama nitakuja mvua ikipungua.

Kuhusu gari. Nendeni kwa Déborah. Ikiwa fedha hazitoshi, chukueni gari dogo, hata la zamani, lakini mahali penye vioo na karatasi. Muuzaji asiye na ruhusa ya kupunguza bei, huyo ana mtu anayemwuliza maswali. Anayeshuka haraka anakimbia kitu.

Hiyo jeep nyeupe, uliniambia imepita hapa. Ilifika Kisangani mwezi gani? Ina milango mingapi? Nauliza tu.

Na neno moja. Usimwambie huyo mtu kwamba una ndugu Bafwasende. Wala usiseme ndugu yako ni fundi. Watu wa biashara hiyo hawapendi mafundi.

Célestin


Kisangani, Mangobo, 13 Machi 2024

Yaya,

Salamu nyingi. Mama amerudi kutoka Yanonge na makapu mawili ya samaki wa kukausha, nyumba nzima inanuka mto. Mpe Solange asali na tangawizi.

Barua yako imenifikia Jumanne. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumeshakwenda. Nikueleze kama ilivyokuwa, usinikasirikie.

Papa Zacharie ni mtu mfupi, anaongea chini chini kama mtu aliye kanisani. Alitufungulia jeep. Milango mitano. Ilifika hapa katikati ya Januari, yeye mwenyewe alisema. Ndani inanuka upya, nailoni bado iko juu ya viti vyote isipokuwa kiti cha dereva. Israël akauliza, "Papa, juu ya nini hii kiti haina nailoni?"

"Dereva alisikia joto njiani. Akaitosha, akaitupa."

"Na chini hapa, tapi ya kukanyagia iko wapi?"

"Ilijaa matope. Niliitupa. Nitakupatia ingine."

Nikaanza kupatana bei kama ninavyopatana sokoni: nikageuka, nikamshika Israël mkono, nikasema twende zetu. Zacharie akashuka mara moja. Nikasema bado. Akashuka tena. Nikaona nimeshinda, yaya, na kiburi kikanipanda. Nikamwambia, "Papa, mimi huwezi nidanganya. Yaya wangu iko fundi kule Bafwasende. Magari yote ya barabara ile inapita mukononi mwake."

Aliniangalia kwa muda mrefu hata Israël akajikuna shingo. Kisha akacheka kidogo. "Bafwasende? Garaji ya karibu na soko la mbao? Bon. Juu ya huyo yaya wako natosha dola elfu moja ingine kwa bei."

Sikumwambia garaji iko wapi. Nilitaja mji tu.

Tumempa avance, sehemu ya kwanza ya bei. Karatasi ya kupokea imeandikwa kwa mkono, haina muhuri. Tumalize baada ya Pasaka. Niliposoma barua yako nilimwambia Israël tuache, lakini yeye anasema wewe umezoea msitu, unaona nyoka katika kila kamba. Niambie tu kuna nini.

Élise


Bafwasende, 20 Machi 2024

Élise,

Msilipe zaidi. Avance ipotee. Msilikalie hilo gari, msilisukume, mtoto asiliguse.

Solange na watoto nimewapeleka kwa baba yake, upande wa Opienge. Garaji nimeifunga, nimesema naumwa.

Choma hii.

C.


Kisangani, Mangobo, 29 Machi 2024, Ijumaa Kuu

Yaya,

Leo sina salamu ndefu. Nimechoma barua yako katika jiko la makaa, mama akaniuliza nachoma nini siku ya Bwana kufa.

Yannick ananiambia mnara wenu umetengenezwa tangu wiki mbili. Nimekupigia mara saba. Simu inaita mpaka inachoka. Inaita, yaya, donc uko hapo unaiangalia. Kwa nini hunijibu?

Jumatano Papa Zacharie alikuja hapa nyumbani. Sikuwahi kumwonyesha nyumba. Alikuja saa tisa mchana, Israël hayupo, amevaa shati jeupe, ameleta sukari kilo tano na soda za watoto. Akaketi. Akamwuliza Bonheur anasoma shule gani, na mwanangu, kwa adabu tuliyomfunza, akataja shule, darasa, na njia anayopita. Nilitaka kumziba mdomo. Nilibaki nimeshika sufuria.

Aliposimama kuondoka akaniambia, "Mama, utamusalimia fundi. Umwambie kazi yake ilikuwa propre, safi kabisa. Hata mimi mwenyewe siwezi ona kitu."

Kazi gani, yaya?

Nimemweleza Israël. Amekasirika, kwanza na mimi, kisha na wewe. Anasema hatuwezi kuacha fedha za miaka kumi na moja kwa sababu ya barua ya mistari sita. Zacharie anatungoja Jumamosi ya tarehe sita. Mimi sasa nampeleka Bonheur shuleni kwa mkono wangu na kumrudisha. Amenikasirikia, anasema wenzake wanamcheka.

Usiponiambia ukweli, mume wangu atalipa.

Élise


Bafwasende, 1 Aprili 2024

Leki yangu,

Hii sikumpa Yannick. Anayekuletea ni mtawa mmoja anayesafiri na gari la parokia. Yeye hajui kilichomo. Mpe maji, usimwulize kitu.

Nitakuandikia kila kitu, na ukimaliza hutaniangalia tena kama zamani.

Mwanzo wa Januari alifika hapa kijana anaitwa Rachidi. Wazazi wake walitoka Kasongo wakakaa Nia-Nia, na mke wake yuko huko. Kazi yake ilikuwa kuleta magari mapya kutoka mpakani kwa wenye kuyaagiza. Alikuja na jeep nyeupe, pampu ya mafuta inasumbua. Niliitengeneza mchana kutwa. Tulizungumza vizuri, alikuwa mcheshi. Akaondoka jioni akisema atalala mbele kidogo.

Siku ya pili, alfajiri, jeep ilirudi. Haikuwa na Rachidi. Ilikuwa na watu watatu nisiowajua, mmoja na bunduki miguuni kama mtu aliyebeba mwavuli. Wakaiingiza garajini, wakafunga lango. Kiti cha dereva kilikuwa kimelowa. Nailoni ilikuwa imeshikana na damu, na chini, kwenye tapi, ilikuwa imeganda. Mkubwa wao akaniambia, "Fundi, osha." Nikaosha. Nikachana nailoni, nikaichoma na tapi pamoja nyuma ya garaji. Maji yalipotoka meupe akasema, "Sasa namba." Nikachukua tupa, nikaisugua namba ya shasi mpaka ikafutika, nikagonga nyingine waliyoniandikia kwenye kipande cha karatasi. Kazi ilitoka nzuri, Élise. Hilo ndilo linaloniumiza.

Walinilipa. Walimwuliza mtoto wangu wa mwisho jina lake, wakampa biskuti, wakaenda.

Sikumwambia mtu. Solange aliona maji mekundu kwenye mfereji, nikamwambia ni kutu. Wiki mbili baadaye wawindaji walisema kuna harufu chini ya daraja la pili, upande wa Kisangani. Nikasema ni mnyama. Mimi ndiye niliyesema, na watu wakaamini kwa sababu mimi ni fundi Célestin.

Ndiyo maana simu siijibu. Sauti yako ningeijibu na kusema uongo, nami nimechoka nao.

Kabla ya kusugua ile namba niliisoma mara mbili. Ni mazoea ya ufundi. Usiku huo niliiandika ndani ya ukuta wa choo kwa msumari. Bado iko.

Msinunue. Mwonyeshe Israël barua hii, kisha uichome. Tafuta namna ya kutoka bila kumkasirisha yule mtu. Mimi nitafanya yangu, usiniulize ni lini.

Kaka yako, kama bado unataka

Célestin


Kisangani, Mangobo, 8 Aprili 2024

Yaya,

Mtawa alifika Ijumaa, siku moja kabla ya kulipa. Israël alisoma barua akiwa amesimama mlangoni. Aliisoma, akaingia chumbani, akatoka na ile karatasi ya avance, akaipasua.

Tungeweza kukaa tu nyumbani tusiende. Lakini angekuja tena. Nikaenda mwenyewe Jumamosi saa tatu, mchana kweupe. Nilimwomba Israël abaki na watoto. Nilivaa kitambaa cha kazi, si kile kizuri, nikapita sokoni kwanza ili nifike na mboga mkononi kama mwanamke asiye na neno moyoni.

Zacharie alikuwa ameketi karibu na jeep. Imeoshwa, inang'aa. Nikamwambia, "Papa, unisamehe. Gari hatuchukue tena. Mama yangu anapashwa kufanywa operation ya mguu, bokilo zangu, jamaa ya bwana, wamekataa, na Israël amekunywa sehemu ya fedha." Haya yote ni uongo, na Israël hanywi. Alijua nitasema hivyo, alinikubalia.

"Na avance?"

"Ubaki nayo, papa. Kosa iko yetu."

Akanitazama. Hapo ndipo nilipojua nimekosea, kwa sababu hakuna mwanamke wa Mangobo anayeacha avance bila kulia. Basi nikalia. Haikuwa kazi ngumu, machozi yalikuwa tayari. Nikapiga magoti, nikamwomba anirudishie hata nusu, hata robo, watoto watakula nini. Nikamshika suruali. Akatulia. Alipoona nalilia fedha, uso wake ukalegea.

"Na yaya wako, fundi? Alikuandikia nini?"

"Haniandikii. Na simu yake haishike."

"Mnara umepona, mama."

"Basi ananikataa. Tuligombana juu ya kiwanja ya baba. Ule si ndugu, papa. Ule ni mulevi na mwongo, hata kama angeniambia ni mchana ningetoka na taa."

Nilikukana, yaya. Nilikutukana mbele yake, na kadiri nilivyokutukana ndivyo alivyotabasamu. Akaniambia niende na Mungu. Nilipofika njia kuu nikapanda toleka, na mwenye baiskeli akaniuliza kama nimefiwa.

Jeep bado iko uwanjani kwake. Mwingine atakuja kuipatana. Fikiria hilo.

Nataka uwe kaka yangu. Lakini nataka pia kujua utafanya nini.

Élise


Kisangani, Mangobo, 12 Mei 2024

Yaya Célestin,

Mwezi mmoja na zaidi, na huandiki. Yannick amekuta garaji yako imefungwa kwa kufuli jipya, majirani hawajui chochote, au hawataki. Wifi Solange kule Opienge hana habari. Mama tumemwambia uko chantier, kazini mbali. Anaitikia, lakini ameacha kukusema vibaya, nami hilo linaniogopesha kuliko yote.

Israël alirudi kwa Déborah wa Makiso. Kwa fedha zilizobaki tumepata gari dogo la bluu, lililotumika, lenye kitabu cha matengenezo. Tulipatana asubuhi nzima. Bei hakupunguza hata kidogo, alipiga simu mara tatu kwa patron wake, mwisho akatupa matairi mawili na matengenezo ya miezi sita, na kila karatasi ikapigwa muhuri mbele yetu. Israël aliingia chini ya gari na suruali yake ya Jumapili, akaisoma namba ya shasi kwa sauti, na msichana akaifuata kwa kidole kwenye karatasi. Alidhani Israël ni mtu wa mashaka.

Sasa sikia. Jumatatu watu wa sheria waliingia uwanja wa Zacharie pamoja na askari. Walikuwa na namba kwenye karatasi. Walimwaga kitu kwenye chuma cha jeep penye namba, wakakikwaruza, wakapiga picha, wakaivuta. Zacharie hakuwapo. Wengine wanasema amevuka mto, wengine wanasema alikuwa miongoni mwa watazamaji, amevaa kofia. Nimewahamishia watoto kwa dada wa Israël.

Namba waliitoa wapi, yaya? Kama ni wewe, uko wapi? Kama si wewe, uko hai? Barua hii nampa mtawa. Anasema ataipeleka mpaka Nia-Nia, labda mtu atakujua.

Élise


Nia-Nia, 26 Mei 2024

Leki yangu Élise,

Niko hai. Ni mimi.

Nilipopata ile ya Aprili, uliponiambia jeep inangoja mnunuzi mwingine, nilikaa siku kumi bila kula vizuri. Kisha nikabomoa kipande cha ukuta wa choo, nikakifunga kwenye gunia, nikapanda lori la mchele kuja huku. Kulikuwa na vizuizi vinne. Kila askari aliniuliza nimebeba nini. "Tofali." Wakacheka.

Mke wa Rachidi anauza chapati karibu na kituo. Nilinunua, nikala, nikanunua tena. Siku mbili nilikuwa mteja wake. Siku ya tatu nikamwambia mimi ni fundi wa Bafwasende, nina neno juu ya mume wake. Hakupiga kelele. Alifunika unga, akanipeleka nyumbani, akaniketisha uani kwenye kigoda, akamwita mama mkwe wake.

Nikaanza kusema polepole, karibu kwa kunong'ona, maana ua wao hauna ukuta, na njia ya watu inapita hapo hapo. Mke akaniinulia mkono. "Papa, mama haisikie. Masikio yake imekufa. Sema kwa nguvu."

Nikarudia, juu kidogo. Yule mama akatikisa kichwa, akasogeza sikio. Nikarudia tena. Élise, ilinibidi nipige kelele. "Niliosha damu yake! Nilifuta namba! Nilijua alikuwa chini ya daraja, nikasema ni mnyama!" Watu njiani walisimama. Mwenye pikipiki akazima moto wa pikipiki yake. Watoto, wanawake wenye ndoo, mzee wa msikiti, wote walisimama kwenye mpaka wa ua, nami nilikuwa nimesimama katikati nikilia kwa sauti ya kuita watu shambani, kwa sababu kila nilipomaliza, mama aliuliza, "Anasema nini?", na sikutaka mkwewe ndiye ayatamke.

Mama aliposikia mwisho, akaniuliza jina la baba yangu na la mama yangu, niyataje kwa nguvu vile vile. Nikayataja.

Walimchimbua chini ya daraja siku ya Alhamisi, wakamleta huku, wakamzika kwa dini yao. Nilibeba upande mmoja wa jeneza; hakuna aliyenikataza na hakuna aliyenikaribisha. Namba waliipata kwenye tofali, na mwendesha mashitaka ameandika maneno yangu kurasa sita. Ameniambia nisiondoke mji, labda nami nitafungwa. Wale watatu hawajakamatwa. Mkifunga milango jioni, fungeni vizuri.

Mwambie mama ukweli, lakini aketi kwanza. Mimi nalala kwenye nyumba ya yule mzee wa msikiti. Asubuhi yule mama kiziwi humtuma mjukuu wake aniletee chapati mbili. Hajanisamehe, hajasema hivyo. Anatuma tu, na mtoto anasimama mbele yangu mpaka nimalize kula.

Kaka yako, Célestin